Saba Zilizo Ndani ya Bibi

Bibi yangu ana saba ndani yake, na hakuna anayejua ni saba ya nini.

Ukimtazama amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi mbichi, utomvu umemgandia vidoleni vikawa vyeusi, hutaiona hiyo saba. Utaona mwanamke mzee. Lakini katika mji huu kila jina huandikwa juu ya mlango, na la kwake limeandikwa hivi: A7e. Sisi tunalisoma Asabae. Kuna herufi inayofungua, kuna herufi inayofunga, na katikati imekaa namba inayosema kwamba zilikuwepo nyingine saba, zimeondoka, msiziulizie. Nami kila nikipita chini ya mlango ule nauliza. Siulizi kwa mdomo, maana mdomo wangu ni mzito. Nauliza kwa miguu. Natoka, narudi, natoka tena. Dada yangu anasema nitachimba mtaro pale kizingitini.

Mimi ni B2e, husomwa Bembilie. Zangu mbili nazijua, ni chache mno kuweza kupotea: naitwa Bupe. Siku niliyofupishwa, mwenye kalamu alihesabu herufi nne, akaondoa mbili, akaweka namba moja mahali pake, akaniambia, "Umepungua, binti. Nenda salama." Niliingia na nne nikatoka na tatu. Mpaka leo nawaza mji ulifaidi nini kwa ile moja.

Walituambia majina yanachosha. Karatasi ni chache, ndimi zimechoka, foleni ni ndefu. Mmoja akiitwa kwa herufi tisa, aliye nyuma yake anapigwa na jua. Ilikuwa kweli kidogo. Hawakuanza na sisi, walianza na vitu. Mkate ukawa m3e, njaa ikawa n2a, na tukacheka, kwa sababu kwa maandishi njaa ilionekana ndogo kuliko mkate. Mama akawa m2a, baba akawa b2a. Uhuru ukawa u3u, na siku hiyo kengele ilipigwa kututangazia kwamba hakuna kilichopotea, mwanzo wake ni uleule na mwisho wake ni uleule. Kisha mtu akawa m1u. Hapo ndipo utulivu uliponitoka. Ndani ya mtu kuna mmoja. Nani? Na watu walipokuwa w2u, je, ndani ya watu wote wa dunia wamo wawili tu? Wako wapi hao wawili? Wanajuana? Vijana wa sokoni wana namna yao, wanaandika m2 na wa2, wanasema eti mbili husomwa "tu" kwa lugha ya wenye ofisi. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini tujisome kwa lugha ya wenye ofisi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

Kisha wakafupisha siku. Jumamosi ikawa J6i. Jumapili nayo ikawa J6i. Tangu hapo hatujui tumo katika ipi. Tunaamka J6i, tunalala, tunaamka J6i, na kuna watu wanaoapa kwamba ni siku ileile imerudi kuchukua kitu ilichosahau.

Maneno ya vitu bado tunayakumbuka, kwa sababu kila mtu anavyo vitu. Jina la mtu si hivyo. Namba ikishakaa katikati, jina linatoka katika vinywa vyote vilivyowahi kulisema, kama ndoto inavyotoka ukisimama. Unabaki na mwanzo, unabaki na mwisho, na unajua tu kwamba ulipita mahali.

Na herufi zinazotolewa huenda wapi? Zinatiwa kwenye magunia, zinapandishwa mlimani kwa Mwenye Jina Refu. Yeye hafupishwi. Yeye huongezewa. Kila mwaka, siku ya kulisoma jina lake, mpiga mbiu anaanza asubuhi, na adhuhuri ikifika bado yuko katikati; tunasimama, tunabadilisha mguu, watoto wanalia, na hakuna aliyewahi kusikia mwisho wake. Wanaosema wamewahi kuusikia hawakubaliani.

Kazi yangu mimi ni kuhesabu. Nakaa kwenye Ofisi ya Ufupisho, meza ya kwanza. Mtu anakuja na karatasi yenye jina lake kamili, naishika, nahesabu herufi za katikati, nasema "tano," nasema "nane," na aliye meza ya pili anapiga muhuri. Msimamizi wetu ni I4a, husomwa Innea. Hata Ijumaa huandikwa I4a, na jambo hilo humkera, maana kila wiki lazima mtu apite dirishani akisema, "Ee Mungu, Innea nayo itaisha lini!" Yeye hutoa kichwa nje kutazama ni nani.

Sasa dada yangu amejifungua.

Dada ni G5a, Gitanoa. Mtoto wake ni wa kike, ana nywele nyingi na hasira nyingi, na kwa sasa anaitwa "huyu". Kwetu mtoto hutolewa nje siku ya arobaini na kupewa jina la mwanamke wa ukoo aliye hai, mwenye mvi. Mwenye jina ndiye anayelitamka mwenyewe, kisha anamtemea mtoto mate kidogo kwenye paji la uso. Ningempa langu, lakini la kijana halikubaliki, wanasema halijaiva. Kumbunia jipya pia hairuhusiwi: lazima liwe jina ambalo mtu aliwahi kuliitikia. Na mwenye mvi katika ukoo wetu amebaki mmoja tu.

Sheria ya mji nayo inasema kwamba mtoto asiyepata jina kamili siku ya arobaini anaandikwa namba tupu. Hana herufi mbele, hana herufi nyuma. Nimewaona watoto hao. Kuna mmoja mtaa wa pili anaitwa 6. Anakula, anacheza, anakimbia vizuri kabisa. Lakini ukimwita anageuka taratibu, huku na huku, kama mtu asiyejua anaanzia upande gani.

Zilipobaki siku tatu nilikaa karibu na bibi, nikashika kisu cha pili, tukamenya.

"Bibi, hizo saba zako ni zipi?"

"Saba ni saba, mjukuu wangu. Wewe zako mbili unazila na chumvi?"

"Huyu anazihitaji."

"Basi mpeni, mimi sijazuia." Akatupa ganda kwenye beseni, likakosa. "Usidhani sijazitafuta, Bembilie. Naingia kichwani mwangu kama mtu anayeingia chumbani kufuata kitu. Nikifika katikati nasimama. Nimefuata nini? Nageuka, natoka."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. "Zimebaki siku tatu, Bibi."

"Siku tatu nazijua, Gitanoa. Siku tatu sijazisahau. Nimesahau jina tu."

Dada hakucheka. Alimgeuza mtoto begani, akamgeuza tena, na nikaona kwamba anamshika kama mtu anayeshika mzigo ambao wenyewe wanaweza kuja kuudai. Akaniambia mimi, siyo bibi: "Wewe unafanya kazi kule. Siku zote unafanya kazi kule." Akaingia ndani.

Hakusema lililobaki, na mimi sikulisema. Siku yangu ya kwanza kazini, aliyesimama wa kwanza mbele ya meza yangu, amevaa khanga yake ya kutokea, ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, alikuwa ni bibi. Alijipanga foleni tangu alfajiri ili niwe na mteja ninayemfahamu, nisiogope. Mimi ndiye niliyesema "saba".

*

Saba. Saba ni nini? Nikiwa na ndizi saba, naziona. Nikiwa na saba bila ndizi, nina nini mkononi? Namba ni nyumba ambayo wenyeji wake wamehama, ikaachwa imefungwa, na nje imeandikwa walikuwa wangapi. Mpita njia anasoma anaridhika. Walikuwa saba, anasema, na anaendelea na safari yake. Hagongi. Siridhiki. Nagonga. Mikono inaniwasha kwa kugonga. Na kama namba ni mlinzi? Kama hakuwekwa kutunza idadi yao, bali kuwazuia wasirudi? Kwa sababu mahali palipoachwa wazi mtu anaweza kuparudia. Mahali palipokaliwa na saba, atakaa wapi? Lala, Bupe. Silali. Kaa, Bupe. Nakaa, naamka. Mimi ni mbili zangu, au ni zile mbili zilizobaki nje? Nikiitwa Bembilie nani anayegeuka?

*

Kesho yake, wenzangu walipokwenda kula, niliingia stoo.

Sikuwahi kuingia. Nilidhani nitakuta magunia yenye majina ya watu, kila mtu na lake, limefungwa kamba, linasubiri. Haikuwa hivyo. Gunia la kwanza lilikuwa limejaa a tupu. La pili b. La pili yake d. Waliyapanga kwa herufi, siyo kwa watu. Niliingiza mkono kwenye gunia la a mpaka kwenye bega. Zilikuwa baridi na laini kama maharage yaliyolowekwa, na zote zilifanana. Mamia ya maelfu ya a. Katika hizo, labda imo iliyowahi kuwa ndani ya bibi yangu. Nilichota konzi moja, nikazitazama, nikasubiri mojawapo inijue. Nikamwaga. Nikachota tena.

"Bembilie."

"Abee."

Innea alikuwa amesimama nyuma yangu, ana mchuzi kwenye kidevu. "Unatafuta nini kwenye a?"

"Ya bibi yangu."

Alinitazama, kisha akacheka, siyo kwa ubaya. "Chukua yoyote basi. Si zote ni a?" Akachukua moja, akaitupa hewani, akaidaka. "Herufi haina mwenyewe. Ukichukua saba humu ukazipanga, unajuaje ni zile? Utampa mtoto jina la mtu mwingine. Utampa jina la mtu ambaye hayupo. Binti, hapa hatuibi majina. Tunayafungua tu. Jina likishafunguliwa halipo tena, na hakuna aliyelichukua."

Nikautoa mkono guniani. Mbele yake hunishinda kujibu, maneno yanakuja yote kwa pamoja yanaziba mlango.

"Unajua kwa nini nilikuchagua wewe nikaacha wale waliomaliza shule?" Alikaa juu ya gunia la m, likalia chini yake. "Aliyemaliza shule anasoma. Ukimpa jina, analisoma kabla hajalihesabu, hawezi kujizuia. Likishamwingia, namba inapokaa linamtoka, na kumtoka kunauma. Kichwa, macho, kazi haiendi. Wale walikuwa wanaanguka mezani. Wewe uliishia darasa la tatu. Unaziona moja moja, kama kuku anavyoona mahindi. Hujawahi kusoma jina la mtu hata moja katika ofisi hii. Wewe ni msafi."

"Ndiyo, bwana."

"Usirudi humu. Anayetoa herufi stoo anaandikwa namba tupu, na wewe unacho kidogo sana cha kupunguziwa."

Nilirudi mezani. Foleni ilikuwa imefika mpaka barabarani. Nikahesabu: nne, sita, sita, tano. Msafi. Kama sufuria iliyooshwa. Kama mtu ambaye watu wote wa mji walimpitia mikononi na hakubaki hata na mmoja. Nikahesabu nane. Nikahesabu tatu. Na nikiwa katikati ya tatu ile, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kiuno, ukashika paja, ukashika unyayo, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu akasema, "Pole dada, kunguni?"

Nikauangalia mkono wangu.

Shule niliyoishia darasa la tatu haikuwa na ubao wala daftari. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mwembamba anayekohoa, na alitufundisha herufi mwilini, kwa sababu mwili kila mtoto alikuja nao. A ilikuwa paji la uso. B nyusi, CH jicho, D sikio, E pua, F mdomo, G kidevu, H shingo, I bega. J kwapani, tulicheka kila siku tukifika hapo. K kiwiko, L kiganja, M kifua, N kitovu, na hivyo hivyo kushuka, P kiuno, S paja, T goti, U ugoko, mpaka W kwenye unyayo, na Z tulikanyaga ardhi kwa nguvu vumbi likapanda. Tuliokaa pale hatukujua namna nyingine ya kuiona herufi. Na mimi nikihesabu, hata leo, siwezi kuihesabu herufi ambayo sijaigusa. Inapita juu ya meza, inapita mwilini, ndipo inakuwa moja.

Innea alisema kweli. Sikuwahi kusoma. Na nisichokisoma kinanitoka kupitia wapi?

*

Jioni nilikaa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia, jua likiwa bado kwenye majani ya migomba. Nilijaribu kuikumbuka siku ya kwanza. Kichwa kilinipa khanga, kilinipa karatasi, kilinipa macho ya bibi yakinitia moyo, kikakoma. Nikaacha kukiuliza. Nikafumba macho, nikauacha mkono.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimeungua. Nilipika uji kwa haraka, nikashika sufuria bila kitambaa, kiganja kikafura. Nilienda kazini hivyohivyo, nimekifunga jani la mgomba. Na nilikumbuka, siyo kichwani, kiganjani: nilipokuwa nahesabu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, niliinama, nikainama zaidi, nikapanda, nikapanda zaidi, nikashuka katikati, nikapanda kidogo, kisha nikabonyeza kiganja na machozi yakanitoka. Pale ndipo niliposema "saba". Bibi alidhani nalia kwa ajili yake. Alisema, "Usijali, mjukuu wangu, haiumi."

Nilirudia. Goti. Ugoko. Mkono haukuomba ruhusa. Kidevu. Paji la uso. Kitovu. Bega. Kiganja. Mara ya kumi haukusitasita tena. Nilikuwa nazo, zote saba, zimekaa mwilini mwangu miaka hii yote kama wageni waliokosa kukaribishwa, na sikuwa nimeziunganisha. Niliogopa kuziunganisha. Nikiziunganisha nitakuwa nimesoma, na kilichosomwa kinaweza kutoka. Kwa hiyo nilizunguka nazo siku mbili bila kuzisoma. Nilikuwa natembea kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Dada aliniuliza swali nikatikisa kichwa. Nilikula nikisimama. Usiniguse goti, nilimwambia jirani sokoni, naye akashangaa, maana hakuwa amenigusa.

*

Siku ya arobaini iliangukia J6i. Innea akija na kitabu J6i ya kwanza, sherehe ni ya leo. Akija ya pili, ni ya kesho. Wanawake wa ukoo walipika kana kwamba ni zote mbili. Shangazi yetu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alikuwa anagawa chai na matusi.

"Gitanoa, mtoto huyu kafanana na babu yako. Yaani uzuri wote wa ukoo kauruka!"

"Shangazi, ana siku arobaini."

"Babu yako naye aliwahi kuwa na siku arobaini, na alikuwa hivyohivyo."

Kengele ikalia njiani. Chai ikaacha kunywewa. Innea akaingia uani na kitabu kikubwa kwapani, akaweka kiti chake katikati, akafungua ukurasa. Kila mstari ulikuwa na visanduku vitatu: cha herufi, cha namba, cha herufi. Dada akatoka ndani na mtoto, akamlaza mapajani mwa bibi, kisha akabaki ameinama, mikono yake hakuiondoa.

"Mwenye jina atamke," akasema Innea.

Bibi akamtazama mtoto. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaingia kule kichwani mwake, nilimwona akiingia, nikamwona akisimama katikati.

"Mwenye jina atamke," akasema mara ya pili, na kalamu yake ikasogea juu ya kisanduku cha katikati.

Kusimama mbele ya watu ni jambo ambalo silitaki hata ndotoni. Nilisimama. Masikio yaliwaka. Nikagusa paji la uso, ile herufi inayofungua. Nikainama nikagusa goti.

"Kaanza tena," akasema shangazi. "Ana upele huyu?"

Nikagusa ugoko.

"Mwacheni, anatafuta siafu."

Wakacheka, na hata Innea akacheka. Kidevu. Paji la uso. Kitovu. Kicheko kikapungua, sijui kwa nini. Labda kwa sababu niligusa bila haraka, kama mtu anayefunga vifungo vya nguo ya mgonjwa. Bega. Kiganja. Nikamalizia na pua, ile herufi inayofunga. Kisha nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya kwa jina la mtu yeyote. Nikasoma. Polepole, vipande vipande, sauti ikikwaruza.

"A. Tu. Ga. Ni. Le."

Nikaziunganisha.

"Atuganile."

Kuku mmoja alipita chini ya kiti cha Innea.

"Nani huyo?" akauliza bibi.

Dada akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki tena.

"Ni wewe, Bibi."

"Simjui," akasema bibi, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu kilicholetwa nyumba isiyo yake. Akalijaribu mdomoni, midomo ikasogea bila sauti. "Simjui mwenyewe. Lakini niliwahi kusikia akiitwa. Nilikuwa mdogo, nimejificha kwenye shamba la kahawa, nilikuwa nimevunja chungu. Mvua inanyesha. Mwanamke amesimama mlangoni anaita hivyo. Anaita, anaita. Akachoka akaingia ndani. Hakuna aliyemwitikia."

"Mwenye jina halitambui," akasema Innea. "Na halikuitikiwa. Mmesikia wote." Akachovya kalamu.

"Ngoja kwanza, baba," akasema bibi. Alikuwa hamtazami Innea wala mimi. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, upande wa mlango, ambapo hapakuwa na mtu. Mabega yake yakawa ya mtoto. Niliona, na shangazi aliona, maana alijishika mdomo. Bibi akaitika:

"Abee, mama."

Akasubiri kidogo. Kisha akainama juu ya mtoto, akamtemea mate kwenye paji la uso, akayasambaza kwa kidole gumba cheusi cha utomvu, akasema wazi, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu wa karibu: "Atuganile."

Mtoto akapiga kelele za hasira. Dada akakaa chini udongoni, mzimamzima.

Innea alinyoosha kalamu. "Hesabu," akaniambia. Ilikuwa ni kazi yangu, ni mimi tu ninayehesabu. "Herufi za katikati. Ngapi?"

Mkono wangu ulijua. Mkono ulishaanza kuinuka. Nikaushika kwa mkono mwingine.

"Ngapi, Bembilie?"

"Zote," nikasema.

"Zote siyo namba."

"Ndiyo, bwana. Siyo namba."

Nilitegemea asimame. Nilitegemea apige kengele na kuandika kitu kipya juu ya mlango wetu, namba tupu kwa ajili yangu, pengine kwa ajili yetu sote. Alikaa. Alikuwa anaitazama mikono yangu iliyoshikana. Kisha akaniashiria nisogee, nikasogea, akasema kwa sauti ndogo sana ambayo shangazi, pamoja na masikio yake yote, hakuipata.

"Na mimi? Mimi nilipita kwako?"

Niliitafuta. Nauapia mwili wangu wote, kuanzia paji la uso mpaka ardhini, niliitafuta. Magoti yangu, kiuno changu, shingo yangu, kila mahali palipowahi kuguswa kwa ajili ya mtu. Alifupishwa kabla sijaanza kazi, na mwenye kalamu aliyemaliza shule; huyo alilisoma jina, akaumwa kichwa, akasahau.

"Hapana, bwana. Hukupita kwangu."

Akatikisa kichwa, mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Alitazama ukurasa, visanduku vyake vitatu vitatu kuanzia juu mpaka chini, majina ya mji mzima yamekaa humo wima na kimya. Akafuta ncha ya kalamu kwenye suruali yake.

"Ya kwanza ni ipi?" akauliza.

Nikagusa paji la uso. Akaandika A kwenye kisanduku cha kwanza. Nikagusa goti. Akasita, mkono wake ulikuwa umezoea namba hapo; akaandika t, imepinda, kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikagusa ugoko. Akaandika u kwenye kisanduku cha tatu, na visanduku vikawa vimekwisha. Kalamu ikabaki juu ya mstari. Upande wa kulia ukurasa ulikuwa mweupe, haujawahi kuandikwa kitu, na baada ya ukurasa kulikuwa na ukingo wa kitabu, na baada ya ukingo goti lake. Akainua macho, siyo kwangu, kwa bibi.

"Endelea, baba," bibi akamwambia. "Bado hajafika."